Riwaya Nyepesi ya Kihistoria na Msomaji wa Isiolo

Makala haya yanakusudia kujadili raha ya kusoma. Neno raha halina heshima kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tumezoea kuiuliza riwaya inafunza nini, inatetea tabaka lipi na inamwelekeza wapi msomaji wake. Ama swali la namna inavyompendeza, hilo tumewaachia wauza vitabu. Mfano tutakaoutumia unatoka mbali. Ni ile riwaya nyepesi ya Kiingereza inayosimulia enzi ya Kaimu Mfalme, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, ambapo Mfalme George wa Tatu aliugua akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Ni riwaya za dansi na ziara za mchana, za mabinti wanaotafutiwa waume na mabwana wenye madeni ya kamari. Katika nyingi kati ya hizo hapana jambo zito litokealo, isipokuwa watu wawili wenye akili kutambua, baada ya kurasa mia tatu za kubishana, kwamba hawawezi kuachana.

Mama wa mkondo huu ni Georgette Heyer (1902–1974), aliyeuanza rasmi kwa riwaya ya Regency Buck mwaka 1935. Kabla yake Jane Austen (1775–1817) alikuwa ameisawiri jamii hiyohiyo, lakini Austen aliandika juu ya watu wa zama zake. Hakuhitaji kumweleza yeyote gari la farasi wawili linaendeshwaje au binti hafai kucheza dansi na bwana mmoja mara ngapi. Heyer alilazimika kuyatafuta hayo yote. Alijaza madaftari kwa maelezo ya mavazi, bei, magari, vyeo na misemo ya vijana wa mjini wa wakati ule. Wepesi wake, kwa maneno mengine, ni wepesi uliotokwa jasho.

Ni mara chache kutajwa katika madarasa yetu kwamba bibi huyu alipata kuishi Afrika Mashariki. Mumewe, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini. Alipelekwa Tanganyika mwaka 1926, na Heyer akamfuata mwaka uliofuata. Waliishi porini katika kibanda cha mabingobingo, na watumishi wao walikuwa hawajapata kumwona mwanamke wa Kizungu kabla yake. Humo kibandani ndimo alimoandika The Masqueraders, iliyochapishwa mwaka 1928. Kisa chenyewe kinatangulia enzi ya Kaimu Mfalme kwa miongo zaidi ya sita, lakini zana zote atakazozitumia baadaye zimo tayari. Prudence na Robin ni ndugu, watoto wa baba mjanja asiyekoma kubuni hila. Wamehusika na uasi wa mwaka 1745, uliokusudia kukirudisha kiti cha enzi kwa ukoo wa Stuart, nao uasi umeshindwa. Ili waziokoe shingo zao, Prudence aliye mrefu anavaa suruali, anafunga upanga na kujiita Peter. Robin aliye mfupi anavaa gauni, anashika kipepeo cha mkononi na kujiita Kate. Hivyo ndivyo wanavyoingia katika sebule za London, ambako bwana mmoja mkubwa wa umbo, Sir Anthony Fanshawe, anayedhaniwa na wote kuwa anasinzia, ndiye pekee anayeona. Heyer aliiandika riwaya hii bila kuwa na vitabu vyake vyote vya rejea. Waliomchunguza baadaye wanamtajia kosa moja tu la tarehe: kwamba ameifungua klabu ya White's mwaka mmoja kabla ya wakati wake.

Sasa tuitoe riwaya hiyo kibandani tuilete Isiolo, mji ambao mwandishi wa makala haya amelelewa. Riwaya za namna hii huwafikia wasomaji wa hapa zikiwa zimechakaa, jalada limebandikwa upya, na huzunguka mkono kwa mkono, aghalabu baina ya wanawake. Mhakiki wa haraka ataona hapa kasumba tupu: msichana wa mji wa ngamia na vumbi anaota bwana wa Kiingereza mwenye kasri. Tunadhani mhakiki huyo hajakaa karibu na msomaji wake.

Chukua suala la farasi. Katika riwaya za Heyer mwanamume hupimwa kwa farasi wake: wamelingana rangi na mwendo, aliwanunua kwa nani, alidanganywa au hakudanganywa, anawashika vipi penye kona. Kurasa nyingi zinahusu mambo haya, na msomaji wa mjini Nairobi huziruka. Msomaji wa Isiolo haziruki. Yeyote aliyepata kusimama katika soko la mifugo la Isiolo akasikiliza wanaume wakimjadili ngamia mmoja kwa saa nzima, nasaba yake, kwato zake, tabia ya mama yake, na aibu ya yule aliyemnunua mwaka jana kwa bei isiyo yake, anayafahamu mazungumzo hayo vema. Aidha, mji huu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, kila jamii na taratibu zake za posa na mahari, na kila moja ikiwachungulia wenzake kwa jicho la pembeni. Kwamba neno moja lililosemwa vibaya mbele ya shangazi laweza kuvunja uchumba si ajabu ya kigeni kwa msichana aliyekulia hapa. Hasomi ili ayakimbie maisha yake. Anasoma kwa kuwa amekutana na jamii nyingine inayoendeshwa kwa kanuni nyingi kama yake, na kwamba safari hii kanuni hizo zimepewa mtu mcheshi wa kuzieleza.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kicheko katika riwaya ya kihistoria hakiji mpaka msomaji amezijua kanuni. Hatuwezi kucheka binti anapopanda gari na bwana asiye nduguye mpaka tumekwisha kufundishwa kwamba haifai, tena tumefundishwa bila kuhutubiwa. Riwaya nzito ya kihistoria yaweza kulikwepa somo hilo. Damu hueleweka bila maelezo. Riwaya nyepesi haiwezi. Inambidi mwandishi ajue chai ilinywewa saa ngapi.

György Lukács, katika kitabu chake juu ya riwaya ya kihistoria cha mwaka 1937, alimfanya Walter Scott kuwa chimbuko la utanzu huu, kwa sababu Scott aliyaonyesha maisha ya mtu wa kawaida yakivutwa na nguvu kubwa za historia. Waverley ya Scott ilitoka mwaka 1814, katikati ya enzi ya Kaimu Mfalme, nayo inahusu uasi uleule wa 1745 anaousimulia Heyer. Kwa Scott uasi huo ni kifo cha jamii nzima ya Uskoti ya milimani. Kwa Heyer ni sababu ya ndugu wawili kubadilishana nguo. Wahakiki wetu, tuliolelewa na Lukács na wanafunzi wake, twajua ipi kati ya hizo mbili tuiheshimu. Lakini hatujajiuliza jamii inakuwaje pale inapokuwa na ya kwanza tu.

Swali hilo si la nadharia. Orodha ya riwaya za Kiswahili zinazorejea nyuma ni orodha ya majeraha. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934) inasimulia utumwa. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) inasimulia ukatili wa shambani na mapinduzi. Kuli yake (1979) inasimulia bandari na mgomo wa Unguja wa mwaka 1948. Ni kazi muhimu, na hatudai zingeandikwa vingine. Huku kaskazini mambo ni mazito zaidi, kwa sababu yaliyopita husimuliwa kwa mdomo na husimuliwa kama msiba. Mtoto wa Isiolo hujifunza historia ya kwao kwa kusikia habari za vita vya shifta vilivyoanza mwaka 1963, za watu waliokusanywa kambini Garba Tula na Merti huku mifugo yao ikiangamia, za Wagalla mwaka 1984, za sheria za hali ya hatari zilizodumu kaskazini hadi 1991. Yote ni kweli, na mengine bado hayajasemwa vya kutosha. Hata hivyo yapo matokeo ambayo hatuna budi kuyataja. Msichana huyu akitaka wakati uliopita wenye watu wanaocheka, humpasa kuuazima Uingereza. Bibi yake naye alicheka. Alikuwa na wifi mkorofi na mchumba aliyemkataa. Hayo hayana kitabu.

Waliotuletea riwaya za kigeni kwa Kiswahili walichangia upungufu huu bila kukusudia. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson: Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard na Kisiwa chenye Hazina ya R. L. Stevenson. Hiyo ya pili ni riwaya nyepesi ya kihistoria hasa, na vizazi kadhaa vya wanafunzi viliifurahia. Lakini ni safari ya wavulana na mabaharia. Ukimtoa mama mwenye nyumba ya wageni, mwanamke hana la kusema ndani yake. Riwaya ambayo vita vyake ni maneno na uwanja wake ni sebule haikuonekana kuwa chakula kinachotufaa.

Mtu ataweza kusema kwamba pwani yetu haikuwa na visa vya namna hiyo. Tutazame basi mwaka 1859. Sayyid Said alikuwa amefariki mwaka 1856, na mwanawe Majid akaitawala Unguja. Ndugu yake Barghash alikitaka kiti hicho, akala njama, na dada zao wawili, Khole na Salme, wakawa upande wake. Salme alikuwa binti wa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kwa ujuzi huo akafanywa karani wa njama. Serikali ikagundua, nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Usiku mmoja mabinti hao wa kifalme wakaenda na msafara wa wanawake, wakapita katikati ya askari, wakaingia ndani, na walipotoka Barghash alikuwa miongoni mwao, kavaa nguo za kike, uso umefunikwa. Haya yamo katika kumbukumbu ambazo Salme mwenyewe, akiitwa Emily Ruete, alizichapisha kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886.

Msomaji ataona mara moja. Uasi wa kugombea kiti, mwanamume katika mavazi ya kike, dada mwenye moyo kuliko nduguye, walinzi wanaopumbazwa na adabu zao wenyewe kwa sababu hawathubutu kumfunua mwanamke wa heshima: yote aliyoyabuni Heyer katika kibanda cha Tanganyika yalikuwa yametokea Unguja, miaka isiyofika sabini kabla yake. Sehemu ya mwisho ndiyo tamu zaidi kwa fani ya ucheshi. Kanuni ya staha, iliyowekwa kuwafungia wanawake ndani, ndiyo iliyofungua mlango. Heyer angetoa sura nne kwa hilo.

Hapo tunakutana na pingamizi, nalo si dogo. Barghash alikimbilia shamba la Marseilles. Mashamba ya Unguja yalilimwa na watumwa, na mapigano ya Marseilles, ambamo Majid alisaidiwa na Waingereza, yaliua watu wengi, watumwa wakiwamo. Barghash alishindwa, akahamishiwa Bombay, akarudi na kutawala kuanzia mwaka 1870. Ni yeyeyule aliyetia sahihi, chini ya shinikizo la Uingereza, mkataba wa 1873 uliolifunga soko la watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa Unguja hadi 1897. Salme, aliyesimulia ujana wake kwa ucheshi na upendo mwingi, aliiweka katika kitabu chake sura inayoutetea utumwa. Je, nani alishika taa usiku ule? Nani alitangulia mbele ya msafara? Riwaya inayowachekesha wasomaji kwa Barghash aliyevaa kike, nayo ikampita mshika taa bila kumtazama, haistahili kuandikwa.

Heyer mwenyewe hatusaidii hapa. Katika enzi yote ya Kaimu Mfalme biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na Waingereza, tangu 1807, lakini watumwa wenyewe walikuwa bado katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi. Austen aliligusa suala hilo, japo kwa kidole kimoja, katika Mansfield Park ya 1814. Mabwana wa Heyer wana mali tu, haina chimbuko. Baya zaidi, katika The Grand Sophy ya 1950 amemchora mkopesha fedha Myahudi kwa chuki ya wazi, miaka mitano tu baada ya kambi za mauaji za Ulaya kufunguliwa. Riwaya hiyo ina mmoja wa mashujaa wa kike wachangamfu kuliko wote aliowaumba, na kurasa zile zinaiharibu. Hatuoni njia ya kulainisha jambo hilo. Ama tamthilia ya televisheni ya Bridgerton, iliyoanza mwaka 2020 kutokana na riwaya za Julia Quinn, imejaribu dawa nyingine: imewaketisha watu weusi mezani pamoja na watawala. Inafurahisha kuitazama, nasi tumeitazama. Lakini imebadilisha rangi ya wanaokunywa chai bila kuuliza sana juu ya sukari iliyomo ndani ya chai.

Je, wepesi hauwezi kuwapo bila kunyamaza? Tunaye shahidi wa kinyume, naye ni wa zama zilezile. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi takriban kati ya 1776 na 1840, yaani alizaliwa karibu mwaka mmoja na Austen. Mapigano ya Shela, yaliyopiganwa karibu mwaka 1813 na kuwavunja nguvu Wamazrui na washirika wao, yalitokea ndani ya enzi ya Kaimu Mfalme. Muyaka alikuwa mshairi wa vita hivyo, akirushiana maneno na washairi wa Lamu. Lakini kalamu iyo hiyo ilishughulika na mapenzi, njaa, madeni, marafiki wasioaminika na mambo ya nyumbani, na haikuona haja ya kubadili sauti kila ilipovuka kutoka jambo moja kwenda jingine. Mzaha wake hauchukui nafasi ya dhiki. Unakaa nayo chumba kimoja. Miongoni mwa riwaya, tunaona dalili ya sauti hiyo katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anapokimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma, riwaya inapata hewa ya taarabu na vicheko vya wanawake wawili, ilhali ukoloni na polisi wake hawajaondoka mlangoni. Ukurasa mmoja wa Mwajuma, kwa maoni yetu, unatufundisha Unguja ya miaka ya 1950 kuliko hotuba kadhaa za wanaharakati wa riwaya hiyohiyo.

Limebaki suala la lugha, na hapa ndipo kazi halisi ilipo. Uhai wa Heyer umo katika mazungumzo. Misemo ya wahusika wake aliichimbua kwa bidii kiasi kwamba aliweza kumtambua aliyemwibia: katika kazi ya mwandishi mwingine alikuta msemo ambao yeye aliutoa katika kumbukumbu zilizochapishwa kwa faragha, zisizopatikana na umma. Sisi tutaupata wapi usemi wa vijana wa Mombasa wa mwaka 1815? Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930 ni chombo kizuri cha kuandikia makala kama haya, ila kimepigwa pasi. Mhusika wa zama za Muyaka akizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, kicheko kitakufa kabla ya kuzaliwa. Lakini akiba ipo. Lipo kamusi la Krapf la mwaka 1882, lenye maneno aliyoyasikia Mombasa tangu alipofika mwaka 1844. Ipo mikusanyo ya W. E. Taylor, aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua kuzihifadhi tungo za Muyaka, na aliyechapisha misemo ya Waswahili mwaka 1891. Ipo Desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, yenye harusi, ngoma, mavazi, karamu na magomvi ya mashindano kwa undani ambao Heyer angeuonea wivu. Tumevitumia vitabu hivi kama machimbo ya wanaisimu na wanaanthropolojia. Mwandishi wa riwaya avisome kama Heyer alivyovisoma vyake, akitafuta nani alimcheka nani, na kwa neno gani.

Wala si lazima kisa kiwe cha pwani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali waliolitumikia jeshi la Waingereza walipewa makazi Isiolo, na katika miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq nchini Kenya waliendesha madai ya ajabu: walitaka wahesabiwe miongoni mwa Waasia, hata ikiwapasa kulipa kodi kubwa zaidi, ili mradi wasiandikwe wenyeji. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na haki za kweli, za makazi na za mahakama. Lakini watu wanaong'ang'ania kutozwa zaidi, maofisa wasiojua wawaandike katika daftari lipi, na majirani Waborana wakitazama yote hayo kutoka kisimani, ni mchezo wa vyeo ambao London ya 1815 haiushindi kwa lolote.

Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa hapa, ameanza kuandika riwaya juu ya wakati huo. Sura mbili tulizozisoma zinamhusu binti wa askari mstaafu anayemwandikia baba yake barua za malalamiko kwenda bomani, na anayebadilisha maneno machache katika kila barua kwa faida ya posa yake mwenyewe. Wahusika wanazungumza Kiswahili cha kambini na cha sokoni, chenye Kisomali na Kiborana ndani yake na ngeli zilizovurugika. Msomaji wa kwanza wa mswada amemshauri ayasahihishe mazungumzo hayo yawe sanifu. Tumemwomba asiyaguse.